Rede, kombolela na mdako: mwongozo kamili wa kurudisha michezo ya jioni mtaani, kutoka Ujiji

Mwaka juzi, likizo ya Juni, nilitoka nje na filimbi, daftari na mpira wa dukani. Nikawakusanya watoto wa mtaa wetu hapa Ujiji, nikawaambia leo tunacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Walikuwa kumi na saba. Nikawapanga kwa urefu, nikawasomea kanuni, nikapuliza filimbi. Baada ya nusu saa nilibaki na watano, na mmoja wa hao watano alibaki kwa sababu mimi ni shangazi yake na chakula anakula kwangu.

Nilikaa kibarazani nikajiuliza: mimi rede nilifundishwa na nani? Jibu ni hakuna. Hakuna mama wala mwalimu aliyewahi kunielekeza. Nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni, nawatazama dada zangu wakicheza, mpaka siku walipopungukiwa mtu wakaniita niingie. Wa miaka kumi alimpa wa miaka saba, wa miaka saba akampa aliyekuwa ananyonya kidole pembeni. Simu na katuni zimechangia, sikatai, lakini kilichokata kamba ni kwamba kizazi kimoja kilikua bila dada wa kumtazama. Kwa hiyo kazi yako wewe mtu mzima ni kuunga kamba hiyo palipokatika, kisha upishe. Kupisha ndiko kugumu, nitakuja huko.

Saa kwanza, uwanja baadaye

Mtoto wa kwetu akitoka shule anakula, anakwenda chuo cha Kurani, anarudi baada ya alasiri. Hapo mpaka adhana ya magharibi ana saa moja au moja na nusu isiyo na mwenyewe. Hiyo ndiyo unayoitaka, usimnyang'anye muda wa chuo wala wa kuchota maji, maana mama yake atakuchukia na mchezo utakufa siku ya kwanza.

Na sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Saa tunayosoma ni moja, ila Kigoma iko mbali upande wa machweo, hivyo jua letu linachelewa kuzama kwa takriban dakika 40. Jioni ya Juni, saa kumi na mbili na nusu, Kariakoo giza linaingia. Huku jua bado limening'inia juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mpira unauona vizuri kabisa. Anza wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Vumbi litakuwepo, lakini vumbi linafuliwa.

Uwanja wa rede hauhitaji kuwa mkubwa: hatua 15 kwa 6 zinatosha. Pita hapo asubuhi ukiwa na ndoo, uokote vigae vya chupa, misumari na miiba, kwa sababu watoto watavua kandambili tu, hata ukiwakataza. Mvua ikinyesha rudia, maji huibua chupa zilizozikwa tangu enzi za bibi. Mistari chora kwa majivu ya jiko. Yanaonekana, hayatelezi, hayagharimu kitu.

Kama kiwanja kina mwenyewe, nenda ukapige hodi hata kama watoto wameshazoea kucheza hapo. Mtoto aliyefukuzwa na fimbo mara moja harudi, na anawaambia wenzake. Kama ni njia wanayopita bodaboda, mwone mwenyekiti wa mtaa na ongea na vijana wa kijiweni wenyewe. Waombe wapite njia ya pili kwa saa hiyo moja. Wengi wao wamecheza kombolela, watakuelewa. Ukikutana na mkaidi anayekwambia watoto wakasome, mwambie haki ya mtoto kucheza imeandikwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 31, na siku hizi tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto. Huwa nalitumia hili mwishoni, baada ya chai.

Mpira: hapa usifanye haraka

Mpira wa dukani ndio ulioniharibia. Ni mgumu, unateleza, unaruka mpaka mtaroni, na ukimpata mtoto usoni mchezo umekwisha. Mpira wa rede ni wa kufunga kwa mkono.

Zamani tulijaza mifuko ya rambo. Unakunja mfuko ndani ya mfuko, unafunga kamba, umemaliza. Mifuko ile ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Kwa mitaro yetu na kwa ziwa nashukuru, lakini mpira wa utotoni uliondoka nayo, na hakuna aliyewaonyesha watoto njia nyingine. Hii hapa.

Chukua kipande cha sponji la godoro kuukuu, ukubwa wa yai la bata. Kata tyubu chakavu ya baiskeli kwa upana wa kidole, uzungushie sponji raundi kama kumi, ukivuta kiasi. Tyubu ndiyo inayoupa mpira uhai wa kuruka. Kisha chana khanga iliyochakaa vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Khanga, siyo suruali ya jinzi, jinzi inatengeneza jiwe. Zungushia vipande hivyo, na kila ukimaliza raundi moja geuza mpira robo, vinginevyo utapata yai badala ya mpira. Ukifika ukubwa wa chungwa kubwa, simama. Ingiza kwenye soksi, nyonga shingo ya soksi, ikunjue iurudie mpira kwa juu, nyonga tena, shona mdomo kwa uzi wa gunia.

Jaribu hivi: mpe mtoto wa miaka kumi na mbili akupige pajani kutoka hatua kumi. Ukisema "aah!", umekaza mno, fungua uanze upya. Ukicheka, uko sawa. Ukitaka wa chandimu, yaani kandanda ya mtaani, endelea na khanga mpaka ufike ukubwa wa nazi iliyofuliwa, kisha ufume wavu wa kamba ya katani juu yake. Wa rede usiufume kamba, mafundo yanaumiza. Na msimu wa mvua acha sponji kabisa, kwa sababu likinywa maji mpira unageuka tofali.

Fanya kazi hii nje, watoto wakiona. Mtoto aliyezungushia hata kipande kimoja cha khanga ana hisa kwenye mpira ule, haondoki.

Kugawa timu bila kumwaibisha mtu

Walimu hupenda kuchagua makapteni wawili wakaita mmoja mmoja. Mtoto wa mwisho kuitwa hasahau mpaka anazeeka, mimi sijasahau. Kwetu tulifanya hivi: watoto wanajipanga wawili wawili wanaolingana nguvu, mwepesi na mwepesi, mzito na mzito, wenyewe wanajuana. Kila jozi inakwenda kando inapeana majina ya siri. Wanarudi kwa makapteni: "Unataka mgebuka au dagaa?" Kapteni anasema mgebuka, aliyekuwa mgebuka anakwenda kwake, dagaa anakwenda kwa mwenzake. Timu zinatoka sawa na hakuna aliyebaki mwisho. Wadogo wa chini ya miaka sita waingie popote. Hao mpira ukiwagusa hawafi.

Rede

Chora mistari miwili ya majivu, hatua 12 za mtoto kati yake. Nyuma ya kila mstari anasimama mrushaji mmoja wa timu hii, na timu ile inaingia katikati. Katikati kabisa weka chupa tupu ya maji na kichuguu cha mchanga kando yake. Kwa watoto wanaoanza weka kopo la mdomo mpana, chupa itawachosha.

Warushaji wanapigiana mpira wakilenga waliomo ndani. Anayeguswa amekufa, anatoka. Mpira uliodunda chini kwanza hauui, na wa kichwani hauui pia, hiyo ni sheria ya kukubaliana kabla. Anayeudaka hewani anamfufua mwenzake mmoja. Walio hai wanajaza chupa mchanga kwa viganja; ikijaa mpaka shingoni, aliyeijaza anapiga kelele "Rede!", chupa inamwagwa, wamepata bao, waliokufa wote wanarudi. Wakiisha kabla chupa haijajaa, zamu inageuka. Ukienda mtaa wa pili utakuta wanajenga mnara wa vizibo vya soda, au wanahesabu tu mara walizokwepa. Msibishane nani mkweli, chagueni moja.

Ujanja wenyewe hauandikwi kwenye kanuni, kwa hiyo nauandika hapa. Anayejaza amechuchumaa na macho yako chini, ndiye nyama rahisi. Basi jaza chupa wakati mpira umempita mrushaji wa upande mmoja na anaukimbilia, siyo ukiwa mkononi mwake. Dada yangu wa pili hakuwahi kujaza hata kiganja kimoja cha mchanga maishani mwake. Yeye alisimama mbele ya mjazaji, miguu imeachana kidogo, khanga ameifunga kibwebwe, mikono wazi kifuani, na kila mpira uliokuja aliudaka kwa tumbo na viganja pamoja, kama anayepokea mtoto mchanga. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo haijazi chupa. Na warushaji nao: msilenge kila mara. Pigianeni pasi tatu za haraka bila kulenga, waliomo ndani watageuka huku na huku mpaka mmoja apoteze mwelekeo. Ya nne mpige yeye.

Kombolela

Watalii huja Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Sisi mwembe uliotuhusu ulikuwa mwingine, ule wa kuegemeza uso na kuhesabu.

Weka kopo tupu chini ya mti. Mmoja ni mtafutaji. Mwenye mguu mzuri anapiga teke kopo liende mbali. Wakati mtafutaji analifuata na kulirudisha mahali pake, wote wanakwenda kujificha. Akilirudisha anaegemea mti, anahesabu mpaka ishirini, anaanza kutafuta. Akimwona mtu anataja jina, wanakimbilia kopo wote wawili. Mtafutaji akiligusa kwanza, aliyetajwa ni mateka, anakaa chini ya mti. Akitangulia yule mwingine akalipiga teke na kuita "Kombolela!", mateka wote wamekombolewa na mtafutaji anaanza upya na kopo lake. Wakinaswa wote, aliyenaswa wa kwanza ndiye anatafuta.

Ni mchezo wa kumtoa mtafutaji machozi. Sisi tulibadilishana mashati nyuma ya nyumba, tukatoa bega tu kwenye kona. Akiita jina la mwenye shati na kumbe ni mwingine, kosa lake, waliokamatwa wanatoka. Waambie watoto ujanja huu siku ya tatu, wala siyo siku ya kwanza.

Tuliicheza usiku wa mbalamwezi. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli, na ulipokatika mtaa mzima ulitoka nje bila kuitwa. Siku hizi siwashauri usiku bila wakubwa kukaa vibarazani. Hata mchana weka mipaka kwa majina: mwisho kwa muuza mkaa, mwisho kwenye mchikichi ule. Mapagale marufuku, mashimo ya choo kipya marufuku, ndani ya nyumba za watu na chini ya magari marufuku. Wadogo wajifiche wawili wawili. Hizi ni kanuni za usalama, hapo usijadiliane nao.

Mdako

Huu ni wa kivulini, wa watoto wawili hadi wanne, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Huhitaji uwanja wala ruhusa ya mtu.

1. Chimba kishimo cha upana wa kiganja, kina cha vidole viwili. Lowesha kingo, sugua kwa kisigino cha mkono ziwe laini, la sivyo kucha zitajaa udongo.

2. Tafuta kete 12. Kokoto zinafaa, ila kwetu hapa hakuna kinachoshinda kokwa za chikichi zilizokauka: nyepesi, laini, na zinatoa mlio zikigongana. Tafuta na moja ya kurusha, kubwa kidogo. Ndimu changa inafaa pia.

3. Weka zote 12 kishimoni. Rusha ile kubwa juu, na kwa mkono huo huo komba kete nje ya shimo, kisha udake uliyoirusha kabla haijafika chini.

4. Rusha tena, rudisha shimoni zote ulizotoa isipokuwa moja, udake. Ile moja ni yako, iweke kando. Endelea mpaka shimo liwe tupu.

5. Mzunguko wa pili unabakiza mbili mbili, wa tatu tatu tatu, kisha nne, sita, halafu zote kwa mpigo. Nimesema 12 kwa sababu zinagawanyika kote huko bila kubaki. Mimi kugawanya nilikujulia hapo, kabla sijaonyeshwa ubaoni.

6. Ukikosa kudaka, ukibakiza idadi isiyo yake, au ukigusa kete uliyokwisha kuiweka kando, umetoka. Anaingia mwenzako, zamu yako ikirudi unaanzia mzunguko ulioishia.

Kosa la wanaoanza ni kurusha juu sana. Wanadhani wanajiongezea muda, kumbe kete ikipita paji la uso inakwenda pembeni, na mkono unaifuata badala ya kufanya kazi. Irushe mpaka usawa wa kidevu tu. Macho yaifuate yenyewe hewani, vidole vijitafutie kete bila kutazamwa, kama unavyochambua mchele huku unaongea na mtu. Siku tatu utakosa kila mara. Siku ya nne vidole vitaanza kujua.

Gololi, kukimbiza ringi la baiskeli kwa kijiti na chandimu nimeviacha. Wavulana wa kwetu watasema nimewaonea, lakini hivyo havijafa. Pita mtaa wowote Jumapili jioni utaviona.

Kupisha

Watoto watagombana. Tena watagombana zaidi ya wanavyocheza: umeguswa, sijaguswa, mpira ulidunda, haukudunda. Nusu ya rede ni ubishi. Hapo ndipo mkono wako utawasha kutaka kuamua, na ndipo nilipokosea na filimbi yangu. Ukiamua mara moja, kila ubishi utaletwa kwako, na siku usiyokuwepo hakuna mchezo. Wakikufuata, waulize tu, "Nyie mnasemaje?" Kisha endelea na lako. Aliyesusa muacheni asuse. Akiona wenzake wanaendelea atarudi, na akirudi asisemwe.

Nyanyuka kwa mambo manne tu: jiwe limerushwa, damu imetoka, mtoto mmoja anatengwa kila siku, au mkubwa anamshika mdogo isivyofaa. Hayo hayangoji.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilifunga mpira na wasichana wawili wa miaka kumi na mbili, nikacheza nao rede siku mbili, mimi na magoti yangu haya. Siku ya tatu niliwapa mpira na chupa, nikajikalia kibarazani na ungo wa mchele. Walianza saba. Kufika Ijumaa sikuwahesabu tena. Wiki ya pili nikaona wamekata dumu la mafuta wameliweka badala ya chupa, na wanajaza mchanga kwa kandambili, jambo ambalo kwetu lingekuwa rafu ya wazi. Nilishaweka ungo chini nikatangulize mguu. Nikauchukua tena ungo. "Shangazi, njoo uone!" wakaniita. Nikawaambia naona kutoka hapa hapa.

Adhana ikisikika, mchezo umekwisha, hata kama chupa imebaki kidole kimoja ijae. Uokoteni mchanga uliomwagika njiani na mfunike kishimo cha mdako, mtu asiteguke usiku. Mpira usiuchukue wewe. Kwetu aliondoka nao aliyekufa wa kwanza siku hiyo, akalala nao, kwa sababu huyo ndiye angekuwa na sababu ya kutokuja kesho, na wenye mpira huwa hawakosi.